Mhudumu, mwanafunzi au ndugu: nani akabidhiwe kazi ipi ya mgonjwa wodini

Saa moja na nusu usiku, muuguzi wa zamu akishapokea ripoti kitanda kwa kitanda, huangalia amebaki na nani. Katika wodi nyingi za Dodoma na za mikoa jirani ya Singida na Manyara hesabu hiyo haibadiliki sana: yeye mwenyewe, pengine na mwenzake mmoja, mhudumu wa afya mmoja, wanafunzi wa uuguzi wawili au watatu ikiwa chuo kimewaleta kwa mafunzo ya vitendo, na nje ya mlango, juu ya mikeka, ndugu wa wagonjwa waliotoka Bahi, Kongwa, Chemba au Mpwapwa na wasio na pengine pa kulala mjini. Wagonjwa ni thelathini na kitu. Hakuna muuguzi atakayewapima, kuwageuza, kuwalisha, kuwapa dawa na kuwaandikia wote peke yake hadi asubuhi, kwa hiyo kukabidhi kazi si jambo la hiari. Hiari yake ni kuchagua nani apewe nini, na hapo ndipo wengi wetu huchagua vibaya, kwa kumpa kazi yule aliye karibu na asiye na shughuli.

Kigezo ninachokitumia baada ya miaka mingi ya kusimamia wodi ni kingine. Kila kazi ya mgonjwa ina tendo na ina habari. Kuogesha ni tendo, lakini ngozi ya kitako iliyoanza kuwa nyekundu ni habari. Kumwaga mkojo kutoka kwenye mfuko ni tendo, lakini kiasi chake na rangi yake ni habari. Tendo laweza kufanywa na yeyote aliyefundishwa na aliyenawa mikono. Habari inamtaka mtu anayeitambua akiiona na asiyeogopa kuileta kwako, hata ukiwa umenuna na daktari amesimama pembeni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani ana nafasi, nauliza kazi hii, kwa mgonjwa huyu, usiku huu, inabeba habari gani, na kati ya hawa walioko ni nani atakayerudi nayo.

Kigezo hiki hakipingani na miongozo inayojulikana. Wauguzi wa Marekani hufundishwa mambo matano ya kuhakikisha kabla ya kukabidhi: kazi iwe sahihi, mazingira yawe sahihi, mtu awe sahihi, maelekezo yawe sahihi, na usimamizi uwe sahihi, na mwongozo wao wa pamoja wa mwaka 2019 unasema wazi kwamba uamuzi wa kiuuguzi wenyewe haukabidhiwi. Kanuni za maadili za Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, za mwaka 2015 na zilizohuishwa 2018, zinamtaka muuguzi akabidhi kazi iliyo ndani ya uwezo wa mpokeaji tu, ahakikishe anasimamiwa, kisha athibitishe kwamba kilichofanyika kimefikia kiwango. Kwetu, leseni inayotolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania chini ya Sheria ya mwaka 2010 ina jina la muuguzi, wala haina jina la mhudumu aliyetumwa. Ukishaisoma leseni yako kwa jicho hilo, neno "nilimwambia afanye" linapungua uzito sana.

Nianze na mhudumu wa afya, na niseme kwanza kwamba simzungumzii mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule anayepita kaya kwa kaya kijijini. Majina yanafanana, kazi ni tofauti, na mkanganyiko huo umewahi kumfanya mgeni wa wodi amtarajie mtu awe na mafunzo asiyokuwa nayo. Namzungumzia mhudumu wa wodini, mara nyingi mwanamama aliyekaa hapo kuliko wauguzi wote, anayejua kitanda kipi kina magurudumu mabovu na mtungi upi wa oksijeni umebaki na kiasi gani. Faida yake kubwa huku kati ni lugha. Mzee wa Kigogo akiulizwa hali na muuguzi aliyetoka Kagera au Mbeya hujibu "sijambo" kwa adabu, hata akiwa na maumivu makali. Mhudumu akifika na kumwamkia "mbukwenyi", baada ya dakika mbili tumbo limeshaelezwa lilianza kuuma lini na upande gani. Kwa habari ya namna hiyo hakuna mwanafunzi anayemfikia. Kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa usiku na anayetaka kushuka kitandani, vilevile, mhudumu mzoefu anayejua kusema naye polepole ni bora kuliko vijana watatu wanaomshika mikono.

Udhaifu wake unatokana na jinsi tulivyomzoesha. Amefundishwa raundi: presha zote, joto zote, vitanda vyote, na anapimwa kwa kumaliza. Mtu anayepimwa kwa kumaliza hujifunza kumaliza.

Nililipata somo hilo katika wodi ya watoto, mahali nisipopataja. Nilikuwa nimemwambia mhudumu wetu, "Dada, nipimie wote," nikaendelea na kuandaa dawa za sindano. Nilipoichukua karatasi ya vipimo niliona safu ya pumzi imejaa 24 kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, mwandiko mzuri kabisa, kama daftari la hesabu lililonakiliwa. Kitanda cha sita alikuwapo mtoto wa miaka miwili ambaye kifua chake kilikuwa kinabonyea kila alipovuta hewa. Nilihesabu dakika nzima nikapata 56. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, 40 tayari ni kuhema haraka, na kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja ni 50. Nilipomuuliza, mhudumu hakudanganya: "Sista, sikuhesabu. Niliwaangalia wanavyohema nikaona ni kama jana." Mtoto aliwekewa oksijeni, daktari akaitwa, akapona. Lakini kosa la kwanza lilikuwa langu, kwa sababu sikumpa kazi yenye habari. Nilimpa safu ya kujaza.

Sasa mlinganishe na mwanafunzi katika kazi hiyohiyo ya vipimo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, awe wa stashahada au wa shahada kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma, anajua kwa nini pumzi huhesabiwa dakika nzima na kwa nini mtoto asipimwe akiwa analia. Namba yake, kwa kawaida, ni ya kweli. Tatizo ni kwamba namba hiyo huishia kwenye karatasi. Ameandika 56 kwa uaminifu, akaipigia mstari, kisha amekwenda kwenye kipindi cha mwalimu wake wa vitendo au amesubiri ukutani kwa heshima hadi sista amalize kuongea, na sista hamalizi. Nimewahi kuona homa ya nyuzi 39.8 ikiwa imeandikwa vizuri saa nne usiku na kusomwa na mtu mwingine saa kumi alfajiri. Mhudumu, kinyume chake, akishtuka hupiga kelele toka mwisho wa wodi. Kwa hiyo mmoja namba yake ina shaka lakini sauti anayo, na mwingine namba anayo lakini sauti hana, na maelekezo yako lazima yatofautiane. Kwa mhudumu nasema: "Dada, wa kitanda cha sita hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, tumia saa ya ukutani, ukifika 40 uniite." Kwa mwanafunzi nasema: "Ukipata joto la 38.5 au zaidi, usiandike kwanza. Njoo unikatize, hata nikiwa na daktari bingwa." Neno "unikatize" ni la lazima, kwa sababu mtoto aliyelelewa kwa adabu zetu hawezi kumkatiza mkubwa mpaka mkubwa mwenyewe ampe ruhusa.

Mwanafunzi ana hatari nyingine ambayo mhudumu hana: ana kitabu cha kusainiwa. Amebakiza kuweka mpira wa mkojo mara mbili ili atimize idadi ya chuo, na atakuomba kwa unyenyekevu umpe mgonjwa wa leo usiku, wakati huna nafasi ya kusimama naye. Jibu ni kumnyima, ukamwambia arudi asubuhi mwalimu akiwapo. Pia si haki kumgeuza kuwa mhudumu wa bure wa kubeba sampuli na kusukuma machela usiku kucha, jambo ambalo wodi zetu hulifanya bila aibu. Amekuja kujifunza kuona, na kazi inayomfaa kuliko zote ni ile yenye habari nyingi na hatari ndogo: kumwogesha mgonjwa wa kiharusi pamoja na mhudumu, kisha yeye ndiye aje akueleze ngozi ya nyonga, kitako na visigino ilivyo, na kama mgonjwa alikunja uso mguu ulipoguswa.

Ndugu wa mgonjwa ni habari ndefu zaidi, kwa sababu yeye hayumo kwenye orodha ya watumishi lakini hufanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa maana kamili ya neno, muuguzi hawezi kumkabidhi ndugu, anaweza kumshirikisha. Hana mkataba, hana mafunzo, na anaweza kuondoka saa yoyote kwenda kutafuta basi la Kondoa. Hata hivyo ana kitu ambacho sisi wote hatuna: anamwangalia mgonjwa mmoja tu, na anamjua alivyokuwa kabla ya kuugua. Bibi akisema "mwanangu, huyu leo si yeye", mimi huacha ninachofanya. Mara kadhaa sentensi hiyo imetangulia kushuka kwa sukari au kuanza kuchanganyikiwa kabla mashine yoyote haijaonyesha, na sioni sababu ya kuidharau kwa kuwa haina namba.

Ila ndugu ana nia yake, na nia hiyo hula habari. Anataka mgonjwa wake awe msafi na apate raha. Tulikuwa na mama mmoja aliyejifungua akiwa na kifafa cha mimba, anapata sindano za magnesiamu. Dawa hiyo huokoa maisha, lakini ikizidi mwilini hulegeza misuli mpaka kupumua kunasimama, ndiyo maana kabla ya kila dozi inayofuata muuguzi huangalia mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, na mkojo usipungue mililita 100 katika saa 4 zilizopita. Nilifika na sindano yangu, pumzi 18, goti linaruka, nikainama chini ya kitanda. Mfuko wa mkojo ulikuwa mtupu na umefutwa nje kwa kitambaa. Mama mkwe wa mgonjwa, mwanamke mwema aliyekuwa hajalala siku mbili, alitabasamu: "Nimeshakusaidia, mwanangu, ulikuwa umejaa nikaenda kuumwaga." Umejaa kiasi gani? "Umejaa." Kwa neno hilo moja nilijua kwamba figo huenda zinafanya kazi, lakini dozi haitolewi kwa huenda. Tuliichelewesha, tukamjulisha daktari, tukasubiri mkojo mwingine ujikusanye tuupime upya, na saa hiyo ya kusubiri ilikuwa ndefu, maana mgonjwa wa kifafa cha mimba asiyepata dozi yake kwa wakati anaweza kudegedeka tena.

Sikumlaumu yule mama, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Tangu hapo, kwa kila mgonjwa ambaye mkojo wake unapimwa, ndugu hupewa jagi la plastiki ambalo nimelibandika kipande cha plasta kwenye alama ya 100, nami humwambia akiwa ameketi na ananitazama: "Mama, mkojo huu ni dawa kwetu. Usiumwage. Mfuko ukijaa, uniite mimi au dada huyu, tuupime kwa jagi hili." Kisha namwomba aniambie kwa maneno yake atafanya nini. Asiyejua kusoma huielewa plasta vizuri kuliko namba, na wengine wamekuja kunionyesha kwa fahari kwamba umefika kwenye mstari.

Katika kulisha, tofauti za hawa watatu huonekana wazi. Mgonjwa anayemeza vizuri na kukaa mwenyewe alishwe uji na ndugu yake. Atakula zaidi kwa mkono anaoujua. Mgonjwa wa kiharusi ambaye kumeza kwake hakujapimwa asilishwe na ndugu wala mhudumu, hata kijiko kimoja cha maji, na hili lisemwe kwa sauti, liandikwe juu ya kitanda, lirudiwe kila ndugu wanapobadilishana, kwani shangazi anayeingia jioni na chupa ya chai hakuwapo asubuhi maelekezo yalipotolewa. Anayelishwa kwa mpira wa pua ni suala la kati. Kuthibitisha kwamba mpira uko tumboni ni kazi ya muuguzi kila mara. Kumimina uji laini polepole, kichwa cha kitanda kikiwa kimeinuliwa kati ya nyuzi 30 na 45, mwanafunzi anaweza mbele yako, na ndugu afundishwe hatua kwa hatua ikiwa mgonjwa ataruhusiwa na mpira wake, maana nyumbani Chemba hakutakuwa na sista. Mhudumu mzoefu atafanya hivyo kwa ustadi wa mikono kuliko wote, lakini nimeona haraka yake ikimfanya mgonjwa akohoe, naye akaendelea kwa sababu bado vitanda vitatu vinamngoja. Kikohozi kile ndicho habari ya kazi hiyo: mgonjwa akikohoa au akibadilika rangi, aache na aite.

Muuguzi aliyeazimwa kutoka wodi nyingine nitampitia kwa ufupi. Ana leseni yake na anawajibika mwenyewe, kwa hiyo kosa hapa huwa si kumpa kazi kubwa, bali ni kumpa vipande vya kazi. Mpe wagonjwa wake wanane, na kila kitu chao, badala ya kumtuma leo presha na kesho dawa. Mwonyeshe pia lilipo kabati la dharura kabla ya kitu kingine chochote.

Hilo linagusa namna mbili za kugawa zamu nzima. Wapo wanaogawa kwa kazi, mmoja presha za wote, mwingine dawa za wote, wa tatu vidonda. Na wapo wanaogawa kwa wagonjwa, kila muuguzi na vitanda vyake pamoja na msaidizi wake. Kugawa kwa kazi ni kwepesi na hupendwa watu wanapokuwa wachache, wala siwalaumu wanaokufanya usiku wenye muuguzi mmoja. Lakini aliyepima presha hajui dawa iliyotolewa, na aliyefunga kidonda hakuiona homa, habari zikabaki kwa watu watatu bila kukutana. Mkiwa wauguzi wawili au zaidi, gaweni kwa wagonjwa.

Yapo ambayo sikabidhi kwa mhudumu, mwanafunzi wala ndugu. Tathmini ya kwanza ya mgonjwa anaporudi kutoka chumba cha upasuaji ni yangu, na dawa za mshipa ni zangu. Mgonjwa akiwekewa damu, kuhakiki chupa na jina tunafanya wauguzi wawili, na dakika 15 za mwanzo mimi nakaa naye, kwani ndizo ambazo mwili hukataa damu kwa kishindo. Baada ya hapo, hali ikiwa imetulia, mhudumu anaweza kuketi karibu akiwa ameambiwa aniite haraka akiona baridi na kutetemeka, kuwashwa, maumivu ya mgongo au kuhema kwa shida, nami narudi kupima kwa wakati na kuhakikisha chupa imeisha ndani ya saa 4. Kazi ileile, baada ya robo saa tu, imebadilisha mtu anayefaa. Ndivyo ilivyo pia kwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2: mzee wa kiharusi wa siku ya tano anageuzwa na mhudumu na ndugu, lakini aliyevunjika uti wa mgongo jana hageuzwi bila muuguzi kushika kichwa na kutoa amri.

Kurudi kwa habari kunategemea pia unavyoiuliza. Kwa miaka mingi niliuliza "Umemaliza?" na kwa miaka mingi nilijibiwa "Ndiyo, sista." Sasa nauliza "Umeona nini?" Mara ya kwanza mhudumu wetu alinitazama kama niliyemtega. Siku ya nne akasema, "Bibi wa kona anakunywa maji mno leo, ameshamaliza chupa mbili tangu saa nane." Tulimpima sukari, na ilikuwa juu sana.

Basi usiku wa kawaida, mimi nikiwa na mhudumu mmoja, wanafunzi wawili na mikeka iliyojaa nje, nagawa hivi. Wagonjwa wanne au watano walio wabaya zaidi napima mwenyewe mwanzoni mwa zamu, ndipo nijue ni namba zipi nitakazowaambia wengine waniite nazo. Mhudumu namwoanisha na mwanafunzi mmoja kwa vipimo na kugeuza: mwanafunzi ahesabu, mhudumu azungumze na mgonjwa kwa Kigogo na aniite kwa sauti yake kukiwa na jambo. Mwanafunzi wa pili hubaki na mimi kwenye dawa na damu. Ndugu huingia kwa zamu, mmoja kwa kila mgonjwa, wanawe mikono, walishe wanaoweza kumeza. Na chini ya kila kitanda chenye mpira wa mkojo liwepo jagi lenye plasta yake.